Kadi ya Watu Wanne

Ujumbe uliingia kwenye simu ya marehemu Jumatatu asubuhi, wakati wa chai. Simu ilitetemeka juu ya kabati la vyombo, ikagongana na sufuria, na watu wanne waliokuwa mezani wakanyamaza. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na tatu, ndiye aliyekuwa akiichaji simu ile kila siku. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Aliinuka, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya shule.

"Mpendwa mteja, msimu mpya unafunguliwa Jumamosi. Lipia upya kadi yako ya familia kabla ya Ijumaa jioni upate bei ya wateja wa zamani. Karibuni tena, nyote wanne."

"Nani huyo?" Bibi aliuliza.

"Bembeani."

Kwenye bango la mahali pale palikuwa na jina refu lenye maneno mawili makubwa na picha ya tembo aliyevaa kofia, lakini mtaa mzima ulipaita Bembeani na wenyewe wakaishia kupaita hivyo. Palikuwa na gurudumu kubwa, magari ya kugongana, treni ya watoto na farasi wa kuzunguka.

Mdogo wa nyumba ile, msichana wa miaka sita, aliweka kikombe chini. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hajanyamaza.

"Tunaenda?"

"Tutaona," baba yake alisema.

"Tutaona ya ndiyo au tutaona ya hapana?"

"Tutaona."

Baba alikuwa fundi wa makochi. Tangu mkewe afe kwenye upasuaji mwezi wa tatu, alikuwa amezoea majibu ya aina hiyo, majibu yasiyoacha nafasi ya swali la pili. Asubuhi alikwenda kwenye karakana, akavua vitambaa vya zamani kwenye makochi ya watu, akakata sponji, akapiga pini, akarudi. Hakuwa na huzuni. Hilo lilimtisha wiki za mwanzo, kisha nalo likaacha kumtisha. Watu walimpa pole, naye akashukuru, kama mtu anayepokea mzigo wa jirani ambaye hayupo nyumbani.

Chiriku hakuwa amepewa pole na mtu yeyote. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani akaangalie katuni, na jioni Bibi alimwambia mama amesafiri. Bibi alisema vile kwa sababu ilibidi aseme kitu, akijua baba mtu angekuja kulisahihisha neno lile baada ya siku mbili tatu. Miezi ikawa minne.

*

Jioni ile binti mkubwa aliketi na daftari lake la hesabu, akapiga mstari katikati ya ukurasa.

"Baba, njoo uone. Kuna njia tatu."

Fundi akaja. Alikuja kwa sababu ameitwa.

"Ya kwanza, kulipa mlangoni kila tukienda. Mtu mzima elfu nane, mtoto elfu tano. Sisi watatu ni elfu kumi na nane kwa siku. Ya pili, kila mtu kadi yake ya msimu. Elfu hamsini na tano kila mmoja, awe mkubwa awe mdogo. Hiyo ni laki moja na sitini na tano. Ya tatu, kulipia upya kadi ya familia. Laki moja na ishirini."

"Hiyo ya tatu ndiyo rahisi."

"Ndiyo rahisi. Lakini ni ya watu wanne, na lazima wawe wale wale. Wakipungua, wanakuondoa kwenye bei ya familia, unanunua moja moja."

"Kwa hiyo watatu wanalipa zaidi ya wanne."

"Elfu arobaini na tano zaidi."

Fundi alitazama zile tarakimu. Aliwaza kwamba mwandiko wa binti yake umekuwa mzuri siku hizi.

"Sasa nahitaji kujua tutakwenda mara ngapi," binti alisema. "Kwa kulipa mlangoni, kadi ya familia inarudisha pesa yake tukifika mara ya saba. Zile za moja moja, mara ya kumi."

"Mwaka jana tulikwenda mara ngapi?"

"Sisi, kumi na moja. Wewe, mbili."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu ilikuwa namba, na namba aliiandika.

"Na mwaka huu nani atatupeleka?" aliuliza, kalamu ikisubiri juu ya karatasi.

Jumamosi ndiyo siku ya wateja karakanani. Fundi alilijua hilo, na binti alijua kwamba analijua.

"Andika mara nne."

"Mara nne ni elfu sabini na mbili. Basi tulipe mlangoni, kadi ya nini?"

"Andika nane, basi."

"Baba, si mtihani. Huwezi kubadilisha jibu mpaka upate."

Kutoka jikoni Bibi alikuwa akisikia yote. Alikuwa mama wa marehemu. Alikuja kwa ajili ya mazishi akiwa na mfuko mmoja wa nguo, na mfuko ule ulikuwa bado chini ya kitanda cha watoto, haujafunguliwa wote. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Fundi, nisikilize. Ya watu wanne ndiyo hiyo hiyo. Mwache mwanangu kwenye kadi."

"Bibi, huo ni uongo," binti alisema.

"Uongo gani? Nimesema tudai nini kwa jina lake? Bima mmemtoa. Benki mmemtoa. Shuleni pale kwenye namba ya mzazi mmemkata kwa kalamu nyekundu, niliona kwa macho yangu. Kila ofisi ikimwita baba yako anakwenda na cheti kile mkononi, anarudi mwanangu amepungua. Sasa mahali pamoja duniani pametokea, wanasema abaki na watakupunguzia bei. Mnakataa?"

Chiriku aliyekuwa chini ya meza na wanasesere wake aliuliza, "Nani abaki?"

"Cheza, mama," Bibi alimwambia.

Fundi akafunga daftari taratibu. "Nitapita Alhamisi," alisema. Hakuwa amekubaliana na hata mmoja wao. Laki moja na ishirini ilikuwa ndogo kuliko laki moja na sitini na tano, na hapo ndipo akili yake ilipofika ikakaa.

*

Alhamisi saa nane mchana palikuwa na watu sita kwenye foleni ya dirisha namba mbili. Karani alikuwa dada wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na alikuwa na tabia ya kumwita kila mtu mpenzi.

"Namba ya kadi, mpenzi?"

Fundi akampa. Karani akabonyeza, akageuza skrini kidogo ili mteja ahakiki. Nyuso nne zilikuwa pale kwenye visanduku. Yeye mwenyewe alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa polisi. Mkewe alikuwa amepigwa picha katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limeanza kufumba. Alikumbuka kwamba mkewe aliomba ipigwe nyingine, na mpiga picha akasema foleni ni ndefu. Alikumbuka tu, kama anavyokumbuka vipimo vya kochi aliloshona mwaka jana.

"Wote wanne, bila mabadiliko?" karani aliuliza.

"Mmoja hayupo."

"Nani?"

"Mama yao."

"Amesafiri?"

"Hayupo."

Karani alivua miwani. Kwenye dirisha lile alikuwa amelisikia neno hilo kwa wanaume wengi, na mara nyingi lilikuwa na maana moja. Alisogea kwenye tundu la kioo na kushusha sauti, ingawa si kiasi cha kutosha, maana mwanamke aliyekuwa nyuma ya fundi alianza kutazama viatu vyake.

"Kaka yangu, ndoa zina mambo. Usiharakishe kumtoa. Ukimtoa leo akarudi mwezi ujao, itabidi umnunulie kadi mpya. Wewe saini hapa, mpenzi. Watoto wafurahi. Mwanamke naye akitulia atarudi."

Cheti cha kifo kilikuwa kwenye bahasha ya kaki, ndani ya mfuko alioubeba, katikati ya sampuli za vitambaa. Alikuwa anatembea nacho kwa sababu hakujua ofisi ipi ingekitaka kesho. Kukitoa kungechukua dakika moja. Aliutazama mkono wake, nao haukwenda kwenye mfuko. Ulikwenda kwenye kalamu.

*Nathibitisha kwamba taarifa za wanafamilia wote ni sahihi na hazijabadilika.*

Alisaini. Kadi ikatoka kwenye mashine ikiwa na joto, nyuso nne zimepangwa kwa mstari.

Nyumbani Chiriku aliipokonya kabla hata baba yake hajakaa. Aliisogeza karibu na pua, akageuka huku na huku kutafuta mwanga, kisha akapiga kelele iliyomtoa Bibi chumbani.

"Mama yupo! Mama yupo kwenye kadi! Kwa hiyo anakuja!"

Binti mkubwa alimtazama baba yake. Bibi alitazama sakafu. Fundi alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi.

"Anakuja Jumamosi?" Chiriku aliuliza.

"Amekula mtoto huyu?" baba yake alisema.

*

Jumamosi Bembeani palifurika. Muziki ulipigwa kutoka pande tatu, kila upande wimbo wake. Bibi alikuja nao, akisema yeye haingii, atakaa nje kwenye kivuli ashike mfuko wa maji na sweta za watoto. Kwenye geti alisimama mlinzi kijana mwenye sare mpya, pini ya dukani bado imo kwenye kola yake. Aliweka kadi kwenye mashine, akasoma, akahesabu vichwa kwa kidole.

"Mmoja, wawili, watatu. Wa nne?"

"Tutaingia watatu," fundi alisema.

"Siku nyingine hata mmoja aingie, mzee, hakuna neno. Lakini siku ya kwanza lazima wote waonekane ili kadi ifunguliwe. Imeandikwa hapo nyuma." Aliinama kwa Chiriku, kwa upole wa mtu aliyefundishwa kuwapenda watoto wa wateja. "Mama yuko wapi?"

"Anakuja," Chiriku alisema.

"Basi hamna shida. Simameni pale pembeni mumsubiri, akifika nitawapitisha bila foleni."

Wakasimama pembeni.

Fundi hakuweza kueleza baadaye kwa nini alikwenda kusimama. Aliambiwa asimame, akasimama, karibu na pipa la taka lenye umbo la chura. Watu wakapita: familia nzima imevaa fulana za rangi moja, baba mmoja amebeba mtoto mabegani, kina mama wakipakana mafuta ya midomo. Chiriku alipanda juu ya jiwe la ukingo ili aone mbali. Kila gari liliposhusha abiria kwenye kituo cha ng'ambo, alinyoosha shingo. Mwanamke mmoja mwenye gauni la njano alishuka, na Chiriku akainua mkono, kisha akaushusha.

"Si yeye," alisema. "Ana gauni kama lake, lakini si yeye."

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli hatua ishirini kutoka pale, amewapa mgongo, mabega yake yanatikisika.

"Baba," binti mkubwa alisema polepole.

"Ehe."

"Ukinyamaza na leo, mimi nitasema. Lakini sitaki kuwa mimi."

Fundi alimtazama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Fundi alimshika Chiriku mkono, akamshusha kwenye jiwe, akaenda naye mpaka getini. Mbele yake palikuwa na watu, lakini hakuwaona.

"Kijana," alimwambia mlinzi. "Mke wangu haji. Alifariki. Mwezi wa tatu."

Muziki uliendelea. Mkono wa Chiriku ndani ya mkono wake haukufanya chochote.

"Pole, mzee. Pole sana." Mlinzi akatazama kadi, akamtazama tena, akavuta simu ya upepo. "Sasa hapa mashine inasema yupo. Ngoja nimwite msimamizi."

Msimamizi alikuja na fomu ya Alhamisi ndani ya faili, na nyuma yake yule karani wa miwani. Msimamizi alikuwa mtu wa taratibu, si mkali. Alionyesha sahihi kwa kalamu. "Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Umethibitisha taarifa hazijabadilika."

"Nilithibitisha."

"Lakini si uliniambia hayupo!" karani alisema, na mshtuko ulimpandisha sauti. "Mimi nikajua amekukimbia! Nikakuambia atarudi! Mungu wangu, nikakuambia mwanamke akitulia atarudi!"

Foleni yote iligeuka. Mwanamume mmoja akacheka kabla hajaelewa, mkewe akampiga kiwiko. Fundi alisimama katikati ya macho yale akasubiri aibu ije. Haikuja. Alichosikia ni jua tu kwenye utosi.

"Ungesema tu neno lenyewe," karani alisema, sasa kwa sauti ya chini, miwani imelowa. "Kwa msiba tunabadilisha mtu bure. Unaleta cheti, unaweka ndugu mwingine wa nyumba ile ile, bei inabaki ya familia. Ipo kwenye kanuni. Hata dakika tano haichukui."

"Cheti ninacho," fundi alisema, akafungua mfuko.

*

Wa nne alikuwa Bibi. Hapakuwa na mwingine. Aliitwa kutoka kivulini akaja akilalamika kwamba magoti yake si ya kupanda magurudumu, kwamba yeye alikuja kushika mfuko, kwamba watu watacheka. Walimwingiza kwenye chumba cha karani, penye feni na kiti cha plastiki mbele ya kamera.

"Naondoa picha hii, naweka ya kwako, mama," karani alisema.

Bibi aliona skrini. "Subiri kwanza," alisema.

Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Akamtazama mwanawe aliyekuwa katikati ya neno, jicho moja likielekea kufumba.

"Alikuwa anasema nini hapa?"

"Alikuwa anaomba ipigwe tena," fundi alijibu.

"Ndivyo alivyo. Picha hazikumpendeza hata moja." Akaendelea kutazama. Nje mtu aligonga dirisha akiuliza kama pamefungwa, na karani akamwashiria aende namba tatu. Hakumharakisha Bibi.

"Haya," Bibi alisema mwishoni. Alikwenda kukaa kwenye kiti, akafunga kanga vizuri kichwani. Kamera ilipomulika hakutabasamu.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. Hakuwa amesema neno moja tangu getini, na hilo dada yake hakuwahi kuliona. Walipopita geti, wote wanne, alimvuta baba yake moja kwa moja hadi kwa farasi wa kuzunguka. Akachagua wa kijivu, akakataa kushikiliwa. Dada yake akapanda wa nyuma. Bibi akaketi kwenye benchi na sweta.

Fundi alisimama kwenye uzio. Farasi wakaanza, taratibu, kisha wakashika kasi yao. Chiriku alipita mara ya kwanza akitazama mbele. Mara ya pili aligeuza kichwa.

"Alikufa kweli?"

"Kweli," fundi alisema, na farasi akampeleka upande wa pili.

Akarudi. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje ya chumba. Kwenye korido."

Akaondoka. Fundi alimwona kwa vipande kati ya vioo na nguzo zilizopakwa dhahabu: nywele, goti, nywele. Akarudi.

"Aliumia?"

"Walimlaza usingizi kwanza. Hakusikia."

Alirudi tena. "Bibi alidanganya?"

"Bibi alinisubiri mimi. Mimi nilichelewa."

Mashine ikapunguza mwendo, kengele ikalia, watoto wengine wakashuka. Chiriku hakushuka. Kwa kadi mtu alipanda mara anazotaka, kwa hiyo mwendesha mashine alimtazama tu baba mtu, naye akaashiria kwa kichwa kwamba aendelee. Wakaanza upya. Mzunguko mmoja ukapita bila swali, na wa pili. Katika wa tatu mtoto alikuwa analia, mdomo wazi, ameshika shingo ya farasi kwa mikono miwili, na alipomfikia baba yake aliuliza kwa sauti kubwa kuliko muziki:

"Na wewe ulilia?"

Alipita kabla hajajibiwa. Fundi alikuwa na muda wa mzunguko mzima kutafuta jibu. Aliutumia wote, ameushika uzio kwa nguvu, akitazama upande ambao farasi wa kijivu angetokea.

"Bado," alimwambia.

Chiriku aligeuka kumtazama mpaka nguzo ikamficha. Fundi akainua mguu, akavuka uzio ambao watu wazima hawakuruhusiwa kuuvuka, na mwendesha mashine akainua mkono kumzuia, kisha akaushusha.